Bahasha ya Barakoa Bado Ninayo

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana hata kicheko changu kinajulikana Embu nzima. Mimi ni nesi wa miaka hamsini na moja, mama wa watatu, na mwili ni wa mtu ambaye hajawahi kugombana na chapati.

Wakati wa korona niliwekwa wodi ya wagonjwa waliotengwa. Barakoa zilikuwa haba, kwa hivyo kila nesi alipewa moja ya wiki nzima. Ukimaliza zamu unaiweka kwa bahasha ya kaki yenye jina lako, na msimamizi wetu anapiga tiki ya siku hiyo juu ya bahasha. Yangu ilifika tiki ya saba ikiwa imelegea kama soksi ya mwanafunzi. Kesho yake nikaanza kukohoa. Nikalazwa wodi yangu mwenyewe. Aliyenihudumia ni nesi mwenzangu, rafiki yangu wa chai ya saa nne, akaugua baada yangu. Yeye hakupona.

Mimi nilipona nusu. Ngazi za wodi ya juu napumzika mara tatu, nikijifanya nasoma mabango ukutani. Yale ya kunyonyesha nimeyakariri yote, na umri wenyewe ndio huu.

Juzi niliomba kuhamishiwa kliniki ya chini. Msimamizi, yule yule, akaniletea fomu ya uhamisho, pale pa chanzo cha ugonjwa pameshajazwa: eti niliambukizwa korona kwenye mazishi ya shangazi yangu Kibugu.

"Mama Wawira, saini tu," akasema. (Si jina langu, msianze kunitafuta.) "Ukiandika ni kazini, hiyo fomu itakaa ofisini miaka."

"Sister, shangazi alizikwa nikiwa kwa oksijeni."

"Wewe nawe! Nani atauliza?"

"Shangazi mwenyewe, nikifika huko."

Alicheka kidogo. "Basi endelea na ngazi."

Mzee wangu anasema nisaini, kiburi hakitanipa pumzi. Lakini nikisaini, itakuwa mimi ndiye niliyetoa ugonjwa matangani nikampelekea rafiki yangu. Watoto wake nikutane nao kanisani, niwaangalie vipi?

Sisaini. Ile bahasha sikuitupa. Iko kabatini chini ya nguo za kanisa, tiki saba kwa kalamu ya msimamizi mwenyewe. Jumatatu naibandika kwa fomu yangu mpya: niliambukizwa kazini, na rafiki yangu pia.

Nishaurini basi, nakala nyingine nipeleke wapi? Na wewe unayetaka kuniambia nisaini, andika tu. Nitakusoma nikipumzika kwa ngazi.