Pembe ya Nne ya Shuka

Wiki moja kabla ya kumzika mkewe, mzee aliamka naye katika hoteli ya kifahari iliyo jirani na uwanja wa mpira na ukumbi wa muziki. Mama huyo alikuwa ametandika vitanda vya humo miaka ishirini. Binti yao ndiye aliyewalipia walale kama wageni. Mzee alitaka mkewe apumzike, lakini yeye, miguu peku, alikuwa ameshaanza kunyoosha shuka kwa kiganja, akikunja pembe, akinusa mto. Mto wa mtu wa tamasha hunukia marashi, alisema, wa mtu wa mpira hunuka jasho.

"Na wetu?"

"Dawa ya kuchua."

Mzee akacheka. "Mama watoto, leo wewe ni mgeni. Waachie wenye kazi."

Ilibaki pembe ya nne. "Mwenye kazi ana vyumba kumi na vinne, na jana kulikuwa na mechi. Shika upande wako."