Kiti cha Pili Msikitini

Jamani, leo nimehesabiwa miongoni mwa wazee, na nina miaka ishirini na nane.

Wiki ya tatu hii nakimbia kila asubuhi, kutoka mtaani kwetu Usagara mpaka baharini na kurudi. Vifundo vya miguu vimevimba kama maandazi.

Swala ya adhuhuri, kukunja tu miguu kukaa tahiyatu, nikaachia "aah!" Msikiti mzima ukasikia.

Tulipotoa salamu, mzee mmoja anayeswalia kitini kwa sababu ya magoti akanigeukia.

"Umedondoka mnazini, mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Hapana, nakimbia tu asubuhi."

"Marahaba. Unamkimbia nani?"

Nikachechemea kwenda kuvaa viatu.

Alasiri nikakuta kiti cha pili kimewekwa kando ya cha yule mzee.

Nikaangaza huku na huku.

Nikakaa.

Haya, chekeni. Mie nimechoka, na kile kiti wallahi kitamu.