Nsansa za Mama Mkwe

Machi 14, Jumamosi. Asubuhi wingu lilikuwa zito upande wa Ngulyati, tukajua mvua hiyo, ila saa nne likatawanyika na jua likatoka kali. Mimi nilikuwa naomba lisitoke. Jua hilo ndilo lililomalizia kukausha majani ya kunde ya mama mkwe.

Nianzie Alhamisi. Siku hiyo nilibeba bomba nikapiga dawa pamba yetu. Funza walikuwa wameshaanza kutoboa vitumba, na bila ile dawa tusingevuna kitu, hilo lazima niliseme. Shida ni kwamba kati ya mistari ya pamba tumepanda kunde. Bwana shamba hukataza, ila huku karibu kila nyumba inapanda hivyo, maana shamba lenyewe ni hilo hilo moja.

Ijumaa asubuhi nikakutana na mama mkwe njiani, anaelekea shambani na kikapu. Yuko kwetu wiki ya pili sasa, na alitaka majani ya kunde atengeneze nsansa: unachemsha, unaanika, yakikauka yanakaa kiangazi chote. Alikuwa anamwandalia binti yake mwingine aliyeolewa Kimali. Huyo ana mimba ya miezi saba na kila mboga inamtapisha isipokuwa hiyo.

Kwetu mwanamume haongei na mama mkwe ana kwa ana. Mkikutana unapisha, unatazama pembeni, na neno lako linapitia kwa mke. Nikapisha. Mke wangu alikuwa ameenda mnadani, nikasema nitamwambia akirudi. Akarudi na habari zake za mnadani, nikasahau. Nimejiuliza kama kweli nilisahau au niliona uzito tu. Sijapata jibu.

Leo asubuhi nikakuta majani yamejaa mkekani nyuma ya nyumba, na kesho mapema mama anapanda basi la Kimali. Nikampigia simu bwana shamba. Hakunigombeza.

"Dawa hiyo ni ya pamba tu," alisema. "Ingekuwa ya mboga ningekwambia usubiri siku kadhaa. Hiyo siwezi kukwambia siku ngapi. Msile."

Nikamtuma mke wangu akamweleze mama yake. Akarudi amenuna huku anacheka.

"Mama anasema kachemsha, kamwaga maji, na jua lote hili, sumu gani itabaki? Anasema mwaka jana alikula hizo hizo hapa hapa, na kwenye kupasua kuni bado anakushinda."

Mwaka jana kweli tulikula wote. Labda haikutudhuru, labda ilitudhuru na hatujui. Mimi ni wa darasa la saba, na mama mkwe amepika mboga tangu sijazaliwa. Ila nilikuwa namfikiria yule wa Kimali.

Saa kumi mama mkwe alikuwa anazifunga nsansa zake kwenye mfuko. Nikaenda nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, uso nimeugeuzia zizini.

"Mayu," nikaita. Ndivyo tunavyomwita mama.

Mke wangu akaacha kupepeta.

"Mayu, kosa ni langu. Nilipiga dawa Alhamisi, Ijumaa nikakuona na kikapu nikanyamaza. Naomba usimpelekee mwenye mimba."

Nikasikia mfuko unawekwa chini. Akaongea, lakini na binti yake.

"Mwambie mumeo nimesikia. Tangu akuoe hajawahi kunisemesha. Kama leo ananiita kama anayeita ng'ombe waliopotea, basi hiyo sumu ipo."

"Si yuko hapo ukutani, mama, amesikia."

"Wewe mwambie tu. Na shimo la kuzifukia achimbe yeye. Mimi mgongo umeishia kwenye pamba yake."

Nikachimba, nikaondoka, akazimwaga mwenyewe. Baadaye nilipokwenda kufukia nikaziona: zimekauka sawasawa, hazina hata kijiti. Kazi ya siku mbili. Iliniuma. Mke wangu amemfungia karanga na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, apeleke badala yake. Mama kasema kunde atachuma huko huko, kwa jirani asiyelima pamba.

Jioni tumekula ugali wa mtama na dagaa wa Lamadi, wao jikoni, mimi nje peke yangu kama kawaida. Nilipomaliza, mke wangu akaniletea bakuli la pili la dagaa. Kasema limetoka kwa mama.