Nyanya Alipokalia Kibomba cha Darubini

Rafiki, nimerudi Kabambare kwa konje, shule imefungwa, na kitu cha kwanza nilichopewa si bugali. Ni mfuko wa tumbaku wa marehemu nyanya. Mama alisema, "Shika, aliacha neno kwamba ni wako." Nikapiga chafya kama mbuzi, nikaingiza vidole, nikagusa kibomba cha shaba. Nilicheka mpaka mama akadhani masista wa shule ya Kasongo wameniharibu akili. Wewe hukuwepo, basi kaa nikusimulie.

Nyumba yetu iko juu ya kilima, na babu alituachia darubini ya macho mawili. Alitoka nayo vita vya Tabora, alikokwenda kubebea wazungu mizigo. Namna alivyoipata ilibadilika kila aliposimulia. Ilikuwa ndefu, shaba tupu, nzito kama mtungi wa maji. Nyumbani ilikuwa na kazi moja tu: kuchungulia barabara kama Bwana Pamba anakuja.

Huyo ni mzungu wa kukagua mashamba. Kwetu kila nyumba inalazimishwa kulima pamba, na anayekutwa na nyasi anafungwa buloko, na fimbo juu yake. Mwaka ule goti la nyanya lilikuwa linamsumbua, hakupalilia. Kwale walikuwa wanataga katika pamba yetu bila wasiwasi wowote.

Siku hiyo sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa inanukia mawese, nyanya amekaa mkekani anamenya karanga, na jirani yetu ndiye aliyekuwa anachungulia.

"Namuona!"

"Iko wapi?" nyanya akauliza.

"Mbali, mama! Mudogo kama sisimizi! Tukule kwanza."

Tukala. Sikumaliza tonge la pili, nikasikia viatu vizito uani. Jirani alikuwa ameshika darubini kinyume, vioo vikubwa vimeelekea machoni pake! Yule sisimizi wake alikuwa tayari chini ya kilima chetu.

"Jambo, mama. Shamba iko wapi?"

Nyanya akashika goti. Karanga zikamwagika. Jirani aliganda, darubini bado usoni, na hapo ndipo Bwana Pamba alipoiona. Uso wake wote ukalegea.

"Ee! Hii mulitoa wapi?"

Akavua kofia, akakaa kwenye mkeka wetu kama shemeji, akaanza kuifungua. Alisema darubini za leo ni fupi, ndani yake wanaweka vioo vya pembe tatu na mwanga unapinda humo kama nyoka. Hii ni ya zamani, hata kwao hajawahi kuishika.

"Angalia. Kioo hii kubwa nakamata mwanga, lakini nageuza watu kichwa chini. Sasa hii bomba kidogo, iko na vioo mbili ndani, nageuza wao tena. Kioo ya jicho nafanya wao wakubwa."

"Kumbe tunageuzwa mara mbili na hatusikii kizunguzungu!" jirani akasema, na Bwana Pamba akacheka mpaka akakohoa.

Vibomba vilikuwa viwili, kimoja cha kila jicho. Alivipanga mkekani. Nyanya akaomba radhi, anyooshe mguu kidogo. Alipokwisha kunyoosha, kibomba kilikuwa kimoja. Nilimuona kabisa. Naye akanitazama kwa lile jicho la kusema: fungua mdomo, leo utalala bila meno.

Mzungu alitafuta. Alikung'uta kofia, akapekua maganda ya karanga, akatazama hata chini ya kuku. Nyanya naye akasaidia kutafuta, kwa macho.

"Mama, inuka kidogo."

"Bwana, hii goti! Nikiinuka leo, ni wewe utanibeba."

Akawa mwekundu, akamwacha. Akaifunga darubini hivyo hivyo, upande wa kuume mtupu, akavuta, akasukuma, akaielekeza shambani. Jicho la kushoto likaona nyasi imesimama. La kuume likaona nyasi ileile inaning'inia kama popo. Akayumba, akakumbatia mgomba.

"Bwana, mvua!" dereva wake akapiga kelele kutoka chini. "Daraja ya miti itakwenda na maji!"

Akaondoka mbio. "Nitarudi wiki kesho!"

Tukashusha pumzi wote kwa pamoja. Nyanya akainuka upesi kuliko mimi.

"Nyanya, ulikikalia!"

"Mimi? Nilikuwa nimechoka tu, mujukuu."

Tulipalilia na jirani katika matope, tukiimba na kutukanana. Bwana Pamba aliporudi shamba lilikuwa safi, na nyanya wetu akalala kwenye kitanda chake, si buloko. Ila kibomba alikataa kukitoa. "Na nyasi ikirudi?" alikuwa anasema. Kwa hiyo nimekua na jicho moja la watu wa kawaida na jingine la popo.

Sasa nyanya hayupo, na jirani amefuata kazi migodini. Bwana Pamba wa leo anakuja na pikipiki, tunamsikia kabla ya kumwona, hakuna haja ya kuchungulia. Jana nimerudisha kibomba mahali pake. Barabara yote imesimama wima, hata inachosha.

Basi nikaigeuza darubini kinyume kama jirani, nikatazama pale penye mkeka wa nyanya. Pako mbali, padogo kama sisimizi. Hakuna Bwana Pamba atakayefika huko kumwambia ainuke.