Shati Lililokosa Mwenyewe

Mke wangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na moja, na hakuwahi kuandika jina la mteja hata siku moja. "Yote yamo humu," alikuwa akisema, akijigonga kichwa kwa kidole. Haya, kichwa kaenda nacho, mimi kaniachia chumba kizima cha nguo za watu.

Nimechoka, jamani. Miezi saba ya kuuguza, kisha mazishi, na kabla sijanyoosha mgongo wateja wanabisha hodi. Wanatanguliza pole, halafu jicho linakwenda kwenye lundo. Nami sikutaka mtu aseme marehemu kamlia kitambaa. Yule mama akikwambia Alhamisi, ni Alhamisi. Watoto wetu wanne walitambaa chini ya cherehani ile, na wajukuu wote kawafundisha kuhesabu kwa vifungo.

Basi nikatoa amri: jaribu, ikikukaa ni yako. Wanawake wawili wakagombania gauni la bluu.

"Shemeji, hili langu!"

"Lako, na hayo makalio?"

Nilicheka mpaka nikajikuta nalia. Binti yangu, kitindamimba, akanishika mkono akanikalisha.

Jumamosi likabaki shati moja jeupe, limeshonwa kwa mkono mwanzo mwisho. Muuza nyama hakupitisha hata bega. Mwalimu likampwaya. Nikaingiwa na wasiwasi kweli, maana kuna mtu mahali anamnung'unikia mke wangu, na mimi sina la kumjibu.

"Baba, hebu vaa wewe," binti akasema.

"Acha utani. Kwenye shati langu wanaingia watu wawili wa kuvaa hili."

"Vaa tu, baba."

Likanikaa. Mabega sawa, mikono sawa, na tumboni sawa kabisa, pale lilipokuwa tumbo langu. Nikasimama mbele ya kioo kama mjinga.

Mke wangu hakuwahi kunipima kwa futi, alinishonea kwa macho. Kumbe alikuwa akishona kitandani mimi nikiwa jikoni, kwa mkono, nisije nikasikia cherehani. Kila nilipompelekea supu aliniuliza, "Wewe umekula?" Nami nikamjibu, "Nimekula jikoni, mama watoto." Miezi saba namdanganya. Chakula kilikuwa hakipiti, nikimwona anavyokwisha. Naye hakunibishia hata mara moja. "Haya, baba watoto," alisema, akageukia ukutani. Kumbe alikuwa ananiona ninavyokonda, anapunguza kitambaa.

Nilimpenda mwanamke yule, na bado nampenda, basi.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kashika lundo la vipande vya vitambaa vilivyobaki.

"Baba, lakini leo umekula?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema nimekula jikoni. Nikaangalia vifungo vya shati.

"Sijala," nikasema. "Wala jana."