Vifuniko vya Gachoka

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba Wazungu huzika mbwa wao ndani ya vyondo, vile vikapu vya mkonge vinavyosukwa kwetu Gachoka. Si mbwa wa kutupwa shimoni hivi hivi, la. Mbwa mwenye mchungaji wake, nyimbo, chai, na jamaa waliosafiri kutoka mbali. Sikumbuki ni nani aliyelileta neno hilo sokoni, lakini mimi nililibeba mpaka likanona.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mkalimani wa msichana wa Kizungu aliyekuja kujitolea na kikundi cha akina mama wasusi. Kiingereza changu kilikuwa kikali, ungeweza kupasulia kuni. Akina mama waliketi kwenye baraza ya kanisa wakisokota mkonge juu ya mapaja, naye akiwafundisha mambo ya bei na soko. Ndipo ikaja oda kutoka kwao Uzunguni: vyondo virefu vya kufika kiunoni, kila kimoja na kifuniko chake.

Kifuniko? Tangu lini kiondo kikafunikwa? Sisi tunabebea mahindi na viazi, mdomo wazi. Basi ule uvumi wa mbwa ukaota mizizi: kinachofunikwa ni jeneza. Vyondo vyenyewe vilisukwa, maana mvua ilikuwa imekataa na njaa haina aibu, lakini kifuniko hakuna aliyekigusa. Sisi watu wa Mbeere tumeogopa maiti tangu enzi za babu zetu. Anayefunika kaburi ovyo amejifunikia lake.

"Mwambie huyo Mzungu tunachelewa kwa sababu ya mkonge," mwenyekiti wa kikundi aliniamuru.

"Na akiuliza mkonge umefanya nini?"

"Umekauka. Wewe si ndiye msomi?"

Kumuuliza mwenyewe? Haikuwezekana. Mgeni anakunywa uji wako, nawe unamuuliza kwao wanazikana vipi?

Kikundini mlikuwa na mjane aliyekonda hadi kikohozi chake kikawa kinafika barazani kabla yake. Ugonjwa hatukuutaja, miaka ile ulikuwa umeingia maboma mengi bila kuitwa jina. Binti yake alikuwa ameacha shule ili amuuguze. Na sheria ya kikundi ilikuwa hii: mwanachama akifa, nafasi yake inakufa naye. Nje ya kikundi hapakuwa na kazi ya msichana, labda kuchoma makaa.

Siku moja yule mjane alisimama, akashika nguzo.

"Nipeni vifuniko vyote," alisema. "Mimi kaburi linanijua tayari. Lakini nikimaliza, msichana wangu aketi hapa ninapoketi."

"Usiseme hivyo, mama," mwenyekiti akasema.

"Niseme vipi? Nyinyi mnaogopa. Mimi nimeshamaliza kuogopa. Kubalini, au mkae na vyondo vyenu mzikie kuku."

Wengine walicheka huku wakitazama chini. Wakakubali.

Alisuka akiwa amelala ubavu, binti akimsokotea nyuzi. Kila nilipokwenda kuchukua vilivyokuwa tayari, vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko nyuzi zenyewe. Nimezoea kutia chumvi, lakini hapo sitii.

"Msomi, mbwa wa leo ni mkubwa?" aliniuliza.

"Kama ndama."

Alicheka mpaka akatema damu.

Kifuniko cha mwisho alikimaliza, na wiki hiyo hiyo akafariki. Tulimzika katika udongo uliokataa jembe. Binti akaketi barazani mahali pa mama yake, kama walivyoahidiana, ila hakuna aliyeketi karibu naye. Waliacha nafasi pande zote mbili, kana kwamba vile vifuniko vilikuwa vinaambukiza. Hata uji alipewa katika kikombe chake peke yake.

Msichana wa Kizungu akaniuliza kwa nini mtoto wa watu anatengwa. Nilikuwa nimechoka kusingizia mkonge. Nikamweleza yote: mbwa, mchungaji, nyimbo, na ni nani aliyesuka vifuniko.

"Ni vya kuwekea nguo chafu," alisema. "Zikingoja kufuliwa. Kifuniko ni cha kuzuia harufu."