Kupita Katika Nchi Iliyonirudisha

Mara ya kwanza kupanda ndege nilirudishwa. Nilikuwa mkunga kijana huku Handeni, nimepata nafasi ya kusoma ng'ambo, na miaka ile ya mwanzo ya uhuru watu wa Chanika, mtaani kwetu, walinisindikiza mpaka kwenye lori la Korogwe. Nilikofika, barua ambayo chuo kilipaswa kutuma haikuwapo mezani kwa ofisa wa uhamiaji. Alipiga muhuri kwenye pasipoti yangu, akaukata kwa mistari miwili ya kalamu, alama ya kukataliwa. Kesho yake nilikuwa kwenye ndege ya kurudi.

Nyumbani hakuna aliyenicheka. Walinipisha njiani kama mfiwa, na hilo liliniumiza zaidi.

Miaka ikapita. Tukahamia kijiji cha ujamaa, nikawa nazalisha wanawake katika chumba cha udongo nyuma ya ofisi ya kijiji. Ndipo ikaja barua nyingine: mafunzo ya mwaka mmoja, nchi nyingine kabisa. Nilifurahi mpaka niliposoma tiketi. Ningebadilisha ndege katika mji uleule ulionirudisha, na kusubiri hapo saa tisa nzima.

Nilikwenda Masuguru kwa baba mdogo, karani wa reli, mtu aliyezijua safari. Nikamwamkia, nikampa pasipoti. Akaukuta ule muhuri uliokatwa.

"Sema imepotea," akasema. "Watakupa mpya, safi."

"Na wakiniuliza kama nimewahi kukataliwa mahali?"

"Nani atajua, mwanangu?"

"Mimi, baba."

Asubuhi alinipandisha treni ya Dar es Salaam.

Mama mmoja wa ofisi ya tiketi ndiye aliyenifungua macho. Abiria anayebadilisha ndege, alisema, si lazima aingie nchini. Anakaa ukumbi wa ndani. Tatizo ni mzigo. Ndege ya pili ilikuwa ya shirika jingine, kwa hiyo sanduku ningelifuata nje, na nje hakuendeki bila kupita kwa maofisa wa uhamiaji.

"Basi nitasafiri bila sanduku," nikamwambia.

Nililiacha kwa ndugu pale mjini. Nikavaa magauni mawili, moja juu ya jingine, sweta na vitabu nikavitia kikapuni. Kwenye fomu tuliyopewa ndani ya ndege, palipouliza kama nimewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote, niliandika ndiyo, na sababu yake.

Kule nilikobadilisha ndege, ofisa aliyesimama mlangoni mwa ukumbi alisoma fomu, akafungua pasipoti akakuta muhuri.

"Ulikataliwa hapa."

"Ndiyo. Leo siombi kuingia. Napita tu."

Aliichukua pasipoti, akanionyesha benchi. Saa tisa zile niliogopa hata kwenda chooni, nisije nikaitwa nikakosekana. Niliwaza: mtu anaweza kuwa na tiketi, na barua, na haki yake yote, bado akakaa kama mwizi.

Ndege yangu ilipotangazwa alikuja mwenyewe.

"Ile barua ya chuo," akauliza, "ilifika?"

"Baada ya miezi miwili. Nilikuwa nimesharudi kwetu."

Alinirudishia pasipoti, akachukua kikapu changu na kunibebea mpaka mlango wa ndege.

Nilisoma, nikamaliza, nikarudi nyumbani kwa njia nyingine. Wanawake wa kijijini waliponiuliza habari za ndege, niliwasimulia safari zote mbili. Ile ya kwanza nilikuwa sijawahi kuitamka.